Barua ya wazi kwa shemeji: maji ya mto yapangwe kabla ya bwawa

Shemeji mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Hoja yako kwamba nchi inayokatikiwa umeme kila kukicha haiwezi kusimamisha mradi kwa ajili ya chura naijibu hadharani, kwa sababu wanaoisema ni wengi, na kwa sababu chura unayemkusudia, yule wa Kihansi, ni shahidi wangu mimi wala si wako.

Chura huyo asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa tayari unaendelea. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mahandaki, na manyunyu yakakatika. Ikabidi mabomba ya kunyunyizia yafungwe korongoni, vyura wapatao 500 wasafirishwe hadi Marekani, na hata hivyo, baada ya ugonjwa wa kuvu kuonekana, mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kurudishwa kulianza mwaka 2012. Kazi hiyo naiheshimu sana, lakini ni tiba ya gharama kubwa kwa jeraha tulilojitia wenyewe.

Ujasiri ninaoutaka ni wa kupanga maji ya mto kabla mhandisi hajachora bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyapa maji ya mazingira, yaani yale yanayoachwa mtoni ili mto na viumbe wake waendelee kuishi, nafasi ya pili, baada ya matumizi ya nyumbani. Kilichobaki ni mtu wa kutamka katika vikao vya kupanga miradi kwamba wakati wa kiangazi mitambo itazalisha pungufu, na iwe hivyo. Maji ya Kihansi huingia Kilombero, kisha Rufiji, ambako sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na chini yake iko delta yenye mikoko, kamba na mashamba ya mpunga, vyote vikitegemea maji baridi na tope la mto. (Huko hatubishanii chura tena.)

Wewe unaingia vikao hivyo. Naomba upendekeze kiasi cha maji kinachoachiwa mto kitangazwe kila mwezi, kama bei ya mafuta inavyotangazwa, ili mvuvi wa delta akipungukiwa ajue wa kumuuliza.

Wako,
Shemeji yako