Tupange malipo ya mzee kabla ya kujenga makao

Mhariri,

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee mjini Lowell, Massachusetts, kazi inayolisha Wakenya wengi huku Marekani. Kila nikipiga simu nyumbani nasikia mtu anataka kufungua makao ya wazee. Mazungumzo ni ya ploti na idadi ya vyumba. Nani atalipa, na kiasi gani kwa siku, hakuna anayeuliza.

Huku zaidi ya nusu ya wakazi wa makao hulipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu wasio na uwezo, ulioanza 1965. Si bure. Katika majimbo mengi mzee hula akiba yake hadi ibaki dola 2,000, ndipo Medicaid imchukue. Pensheni yake nayo huenda kwenye makao. Sheria inamwachia angalau dola 30 kwa mwezi, kiwango kisichopandishwa tangu 1988.

Kila jimbo hupanga bei ambayo Medicaid huyalipa makao. Bei ikiwa duni, wafanyakazi ndio hupunguzwa kwanza. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya nyonga na visigino huwa nyekundu, kisha huchubuka na kuwa kidonda. Kumnyanyua kwa mashine kunataka watu wawili. Usiku ambao hakuna wa kushika zamu ya mwenzangu, inanibidi nichague nani nimhudumie kwanza, na anayengoja hulala kwenye mkojo. Jambo hilo huniuma mno, maana wengine wananiita kwa jina.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa na Serikali pia. Inua Jamii, mpango wa Serikali wa ruzuku, inawapa waliofikisha miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi. Shangazi yangu kule Gilgil amepooza upande mmoja. Pesa hizo huishia kwenye nepi za watu wazima kabla ya mwezi kufika nusu. Anayemwosha na kumlisha ni bintiye, aliyefunga kibanda chake cha mboga. Hakuna anayemlipa hata ndururu.

Naomba wabunge waanzie kwa binti huyo. Waweke kisheria malipo ya siku kwa mzee asiyejiweza, wayapitie kila bajeti, nayo yamfuate mzee awe kwake au makaoni. Fungu la mishahara ya watunzaji litengwe, mwenye jengo asiliguse.

Msaidizi wa wauguzi,
Lowell, Massachusetts