Filamu ya muuzaji mwadilifu iwafikie watazamaji wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze furaha niliyoipata kwa kuitazama filamu ya Kihindi iitwayo Rocket Singh: Salesman of the Year, iliyoongozwa na Shimit Amin, ikaandikwa na Jaideep Sahni na kutolewa Desemba 2009. Haikufanya vizuri sokoni ilipotoka, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tuliokulia kwenye filamu za Kihindi imetupita.

Mhusika mkuu ni Harpreet Singh Bedi, kijana Kalasinga wa Mumbai anayeishi na babu yake, ambaye amemaliza shahada ya biashara kwa alama hafifu na kuajiriwa kuuza kompyuta. Mara tu anapoanza kazi, ofisa wa kampuni inayotaka kununua anamdai kitu kidogo. Harpreet anaandika malalamiko na kuyatumbukiza katika sanduku la malalamiko la kampuni hiyohiyo. Anachovuna ni kufokewa na bosi wake, kutengwa na kurushiwa ndege za karatasi na wafanyakazi wenzake. Ranbir Kapoor anaiigiza fedheha hiyo bila kupiga kelele wala kurusha ngumi, na uso wake ulinigusa kuliko hotuba yoyote.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni aina ya watu anaowakusanya anapoanzisha biashara yake ya siri ndani ya ofisi ileile: fundi wa kompyuta, dada wa mapokezi, meneja aliyechoka kudharauliwa, na Chhotelal, mhudumu anayewapelekea wakubwa chai. Hawa hawawi vibarua wake bali wabia wake. Mtu ambaye ofisi nzima ilimjua kwa sinia la vikombe anapewa kazi ya maana na anaifanya kwa bidii, na wateja wanarudi kwa sababu wanachoahidiwa ndicho wanachopata, hata baada ya fedha kulipwa na mashine kuharibika. Nani kati yetu hajawahi kununua kifaa dukani, kisha akazungushwa kila alipopiga simu kuulizia matengenezo?

Najua lipo pingamizi, nalo ni la haki: mtu anayetumia simu na meza za mwajiri kujenga kampuni yake mwenyewe hawezi kuitwa mwaminifu. Filamu hailikwepi. Harpreet anaandika daftarini gharama anazomtia mwajiri wake akikusudia kuzilipa, lakini biashara hiyo ya siri inapogundulika, daftari halimwokoi. Anainyang’anywa kampuni yake kwa bei ya rupia moja, na hapo anakubali kwamba alikosea njia. Namwona muungwana zaidi kwa kukubali hivyo kuliko kama angeshinda kila hatua bila doa.

Niongeze kwamba babu anaigizwa na Prem Chopra, ambaye kwa miongo mingi tulimzoea kama adui katika filamu za Kihindi. Kumwona hapa akiwa mzee mpole anayemtakia mjukuu wake mema ni raha ya pekee kwa sisi wa umri fulani.

Suala la ofisa mnunuzi anayedai chake linatuhusu moja kwa moja. Wengi hudhani kwamba rushwa ni ya ofisi za serikali tu, ilhali Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea au kutoa hongo katika shughuli za mwajiri wake. Kijana anayeanza kazi ya mauzo leo atasikia mapema mno kwamba bila asilimia kumi ya mtu fulani zabuni haipatikani, na ni vyema aone walau mara moja, katika hadithi iliyotungwa vizuri, mtu wa umri wake akikataa na gharama anayolipa kwa kukataa huko.

Kwa hiyo naviomba vituo vyetu vya televisheni vinavyoonyesha filamu na tamthilia za Kihindi viitafute filamu hii na kuitia sauti za Kiswahili. Nawaomba pia wale wanaosimulia filamu kwa ajili ya vibanda vya video, ambao kwa kawaida huchagua zenye mapigano, waijaribu. Mazungumzo yake ni mengi na yanataka msimuliaji makini, na wapo wenye uwezo huo.

Msomaji wenu,
Tanga