Sampuli za vinasaba zisitenganishwe na taarifa zake

Mhariri,

Mtafiti akichukua jani la mkoko Kunduchi, mfuatano wa vinasaba vyake huishia GenBank (hazina ya kimataifa ya mifuatano ya vinasaba), taarifa ya mahali mkoko ulipoota huenda GBIF (hazina ya kimataifa ya taarifa za bioanuwai), na kielelezo kilichokaushwa hubaki kabatini. Mara nyingi vitu hivi vitatu havijuani.

Viwango vya kuviunganisha vipo. Darwin Core, iliyopitishwa mwaka 2009, hupanga taarifa za kiumbe. MIxS hupanga za sampuli ya vinasaba. Kinachokosekana ni nidhamu ya kujaza jedwali.

Kosa linaloongoza ni la majira ya nukta, yaani namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Sahau alama ya kutoa, mkoko wa Kunduchi unahamia Ethiopia, nchi isiyo na bahari. Ukizibadilishana nafasi namba hizo mbili, mkoko unaota Hispania. Hayo angalau ramani itakuumbua. Baya zaidi ni lisiloonekana: namba zilizosomwa kwenye ramani za zamani za Arc 1960 (mfumo wa vipimo uliotumika Afrika Mashariki) zikiingizwa kama za WGS84 (mfumo unaotumiwa na GPS), nukta husogea takriban mita 300, na pale Pugu hizo zinatosha kuutoa mti msituni na kuupeleka shambani kwa watu. Andika digrii za desimali, tarakimu nne baada ya nukta, taja WGS84, kisha weka makadirio ya kosa kwa mita.

Tarehe iwe 2024-04-03, si 03/04/24. Excel nayo ina kiherehere: ukiandika namba ya sampuli 3-4, inaigeuza tarehe. Safu iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Majina ya kisayansi hayafai kuwa kiungo cha rekodi hizi. Mgunga ule ule, mtafiti mmoja huuandika Acacia tortilis, mwingine Vachellia tortilis, na kompyuta isiyo na orodha ya visawe huhesabu spishi mbili. Kiungo ni namba ya kielelezo ikitanguliwa na msimbo wa taasisi. Msimbo wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni DSM. Namba hiyo iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi ndani ya kichupa, maana ethanoli hufuta wino wa kalamu nyingi. Maabara hupenda kuanza upya 1 hadi 96 kwa kuwa sahani ya kuwekea sampuli ina visima (vishimo) 96. Sawa, lakini orodha ya kuoanisha namba mpya na za awali isipotee. GenBank ikishatoa namba yake, irudishwe kwenye rekodi ya kielelezo na ile ya GBIF. Hatua hii ndiyo husahaulika zaidi, kwa sababu makala imeshachapishwa na fedha za mradi zimekwisha.

Pendekezo letu: COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) inapotoa kibali cha utafiti, iweke sharti kwamba jedwali lenye taarifa hizi liwasilishwe TanBIF, kituo cha taarifa za bioanuwai cha Tanzania, pamoja na ripoti ya mwisho. Kwa spishi adimu zinazowindwa au kung'olewa, umma uonyeshwe desimali moja tu, na namba kamili zibaki kwa taasisi.

Wadau wa takwimu za bioanuwai,
Dar es Salaam