Risala ya wadarizi wa Katuba kwa mgeni wa heshima, siku ya maonyesho ya kazi za mikono, Lubumbashi

Mheshimiwa Mama, mgeni wetu wa heshima, wakubwa wa komine yetu ya Katuba, masere watawa mliokuja, wazee wa kartiye, wazazi na wapendwa wote: jambo.

Nimetumwa na wenzangu 22 kusoma karatasi hii. Wameniomba nisome polepole, kwa maana nikishikwa na woga nakimbia kama mtu anayefukuzwa na mvua ya Novemba.

Mama, ukipita kwenye meza zetu utakuta kazi nyingi tumezilaza kifudifudi. Hatukukosea. Uso wa kazi yoyote unaweza kupendeza kwa rangi tu. Mgongo ndio unaosema nani ameshona kwa utulivu na nani aliruka-ruka na uzi kama panzi. Tunaomba uziguse, uzigeuze, na mahali pabaya utuulize.

Kwa asiyeijua kazi hii ya kudarizi juu ya kaneva: kaneva ni kitambaa kigumu chenye matundu yaliyopangwa sawasawa. Sindano yake ni butu, inapita ndani ya tundu bila kuchoma kitambaa. Kila pale nyuzi mbili za kaneva zinapokatana, mshono mmoja mdogo wa mshazari unapafunika, hadi kaneva yenyewe haionekani tena. Ndiyo tofauti na broderi ya shuka na vitambaa vya meza ambayo bibi zetu walifundishwa na masere. Kule kitambaa kinabaki kuonekana na ua linakaa juu yake. Hapa uzi ndio unakuwa kitambaa.

Wengine kati yetu familia zao zilitoka Kasai kufuata kazi ya shaba na ya reli, na wanapenda kutukumbusha kwamba sindano haikufika nchi hii na masere. Ni kweli. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume wanafuma kitambaa cha rafia na wanawake wanakidarizi. Uzi unapitishwa chini ya nyuzi za kitambaa, unakatwa kwa kisu kidogo, na ncha zake zinasimama laini kama mahameli. Hakuna fundo. Kinachoushika uzi ni kitambaa chenyewe kilivyokaza.

Jambo hilo la fundo tunalirudia kila juma kwa wasichana wanaoanza. Fundo likikaa nyuma, siku moja litatokeza mbele kama kipele, au litafunguka. Sisi tunaliweka mbele, sentimita 3 hivi kutoka tunapoanzia, kwenye njia ya mishono inayokuja. Mishono ikishaukamata uzi kwa nyuma, tunalikata fundo na kulitupa. Tukimaliza uzi, mkia wake tunaupitisha chini ya mishono kwa nyuma.

Sasa niseme habari ya viti, ingawa mama wawili hapa hawapendi isikike. Mwaka 2021 mtu mmoja alituagiza vitambaa vya viti sita. Tulitaka kubana matumizi, tukashona kwa mshono wa nusu-msalaba, kwa sababu unakula sufu kidogo. Nyuma yake karibu hakuna kitu, ni vijistari tu. Na mishono yote inavuta kaneva upande mmoja. Tulipomaliza, kipande cha kwanza kilikuwa kimelala kama nyumba ya matofali mabichi baada ya mvua: pembe mbili zimechongoka, mbili zimefunguka. Tukakilowesha, tukakivuta, tukakifunga kwa misumari midogo isiyoshika kutu juu ya ubao tuliouchorea mraba, tukakiacha kikauke. Kikanyooka. Baada ya siku chache kikapinda tena. Mara tatu tulifanya hivyo. Mwenye viti alikuja, akacheka, akadai pesa zake za mwanzo. Nazo tulikuwa tumekwisha nunulia sufu.

Tangu siku ile, kwa eneo lolote kubwa tunatumia mshono wa kikapu. Unashonwa kwa mistari ya mshazari, mmoja unashuka na unaofuata unapanda, na mgongo wake unafanana kweli na kikapu kilichosukwa. Unakula sufu zaidi, lakini kaneva haipindi sana, na kiti kinavumilia kukaliwa. Ukisahau ulikuwa unashuka au unapanda, iangalie kaneva mahali nyuzi zinapokatana: uzi wa wima ukiwa juu, unashuka, uzi wa mlalo ukiwa juu, unapanda. Hili liliturudishia heshima yetu. Aliyetufundisha ni bibi mmoja wa Kenya, Kenya yetu hii ya sokoni, komine ya hapa Lubumbashi, na alitucheka kuliko yule mwenye viti.

Anayeanza tunampa kaneva ya matundu 10 kwa inchi, sindano namba 18, na kipande kisichozidi kiganja. Akishamaliza viwili bila kukunja uso, tunampandisha kwenye matundu 13 au 14 na sindano namba 20. Wale wenye macho mazuri na roho ya kungoja wanashona matundu 18 kwa sindano namba 22, na uzi wa pamba wa nyuzi sita, ambazo tunazitenganisha moja moja kwanza na kuzirudisha pamoja ili zilale vizuri. Kwa wote, uzi hauzidi mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 45. Ukizidi hapo, kupita-pita kwenye matundu kunauchakaza kabla haujaisha.

Vifaa ni shida, hatuwezi kuficha. Sufu ya kudarizia ni ghali, basi tunafumua sweta za tombola, yaani za mitumba. Uzi wa sweta unavutika na kutoa manyoya, kwa hiyo tunaukata mfupi zaidi na hatuutumii kwa viti. Na nyekundu! Nyekundu ya tombola usiiamini. Iloweshe, ibane ndani ya kitambaa cheupe, ungoje. Ikiacha alama, mto wako mweupe utakuwa wa waridi siku ya kuulowesha. Kiangazi vumbi letu jekundu linafanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana kila kazi hapa inalala ndani ya foronya.

Mama, risala bila maombi haijawahi kusomwa Lubumbashi, nasi hatutaki kuwa wa kwanza.

Ombi letu kubwa ni mwanga. Tunakutana jioni baada ya soko, na umeme ukikatika tunawasha mshumaa. Kwa mshumaa, buluu iliyokolea na nyeusi ni rangi moja. Kuna ndege pale mezani mwenye bawa la kila rangi, na kosa hilo si la aliyemshona. Tunaomba chumba chenye madirisha makubwa, alasiri mbili kwa juma. Kiwe kitupu, viti tutabeba wenyewe.

La pili ni kaneva. Tunaipata kwa vipande, mtu akisafiri, na kila kipande kina matundu yake. Tumejaribu gunia la juti. Linafaa kwa mazoezi, lakini nyuzi zake hazilingani na picha inarefuka upande mmoja. Tukiungana na vikundi vya komine nyingine tungeagiza jora zima. Barua yako ingetufungulia milango hiyo.

Tunakushukuru kwa kuja, na kwa kutusikiliza mpaka hapa.

Mto ulio mbele yako, wenye ule msalaba wa shaba ambao wazee wa Katanga waliutumia kama pesa, ni wako. Tuliuchagua kwa kuwa mikono yake minne inakwenda mshazari, na mshono wetu pia. Bado haujashonewa kitambaa cha nyuma, ili uuone mgongo wake. Na katika mkono mmoja wa chini tumeacha mishono tisa. Sindano namba 20 iko palepale, uzi wa rangi ya shaba umekwisha tungwa. Uzi wa wima ndio uko juu; kwa hiyo, Mama, unashuka.