Walimu wa praiveti na namba ya TSC

Wadau habari za jioni, wengi mnaniuliza inboksi eti mwalimu wa shule ya praiveti hapa Kenya anahitaji namba ya usajili ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu) ya nini na halipwi na serikali. Anahitaji. Sheria ya TSC ya 2012 haibagui, ukisimama darasani kufundisha lazima uwe umesajiliwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka mwenye shule aajiri walimu waliosajiliwa, kwa hivyo mzigo si wa mwalimu peke yake. Nyinyi mmekaa na vyeti vya chuo nyumbani, jisajilini onlaini, mtaitishwa cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) basi anzeni na hicho mapema. Wenye shule, mnasajiliwa na bodi ya elimu ya kaunti, leseni ya biashara peke yake haitoshi jamani.

Na kiboko pia, kifungu cha 36 cha hiyo Sheria ya Elimu ya Msingi kimekataza, iwe praiveti iwe ya serikali. Inaniuma sana mzazi kuhangaika na karo halafu mtoto anarudi na alama mgongoni. Mwenye amekwama kwa usajili aniandikie leo.