Dada Rehema, kontroli yako nayo inaua vimelea

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na watoto hawajambo. Huku salama, kazi tu kama kawaida. Nimekaa kimya muda mrefu na lawama zako nazipokea zote, ila tuziweke kando kwanza, maana jedwali ulilonitumia limeninyima raha na muhtasari wako unataka kuondoka Ijumaa. Usiupeleke. Au upeleke bila ile sentensi ya tatu, inayodai kingamwili zako zinasaidiana.

Uliniomba nitazame kama kingamwili zako mbili za RH5, protini ambayo kimelea wa malaria anaitumia kuingia seli nyekundu, zinasaidiana kweli. Kwa hesabu ya kawaida, ya kwanza ikizuia asilimia 40 ya vimelea na ya pili 20, pamoja tunategemea 52, kwa sababu ya pili inafanya kazi kwenye zile 60 zilizobaki. Wewe umepata 71. Ningeshangilia na mimi, kama nisingeangalia safu ya chini kabisa uliyoiandika kwa herufi ndogo. Kingamwili ya kontroli, yaani ya kulinganishia, isiyohusiana na malaria kwa lolote, imezuia asilimia 34 kwenye kipimo cha juu na 9 kwenye kinachofuata. Pembeni umeandika "kelele". Dada, kelele haishuki kwa ngazi. Kinachopungua kadiri unavyozimua ni kitu kilichomo kwenye kichupa.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni sodiamu azaidi. Soma lebo ya ile kontroli, na ya kingamwili ya pili pia, kwani umesema zote zimenunuliwa. Watengenezaji huitia ili bakteria wasiote, mara nyingi kati ya asilimia 0.02 na 0.09. Hiyo 0.09 ni kama milimola 14 kwa lita. Kichupa chenye miligramu 1 kwa mililita ukikizimua hadi maikrogramu 100, kisimani, yaani kwenye shimo la sahani ya kipimo, bado umebaki na milimola 1.4 ya sumu inayokaba upumuaji wa mitokondria. Kwa kupaka seli rangi haina shida, hizo mara nyingi zimeshakufa. Kwa kimelea unayemtaka akue saa 40 ni habari nyingine.

Kuitoa si kazi kubwa. Kingamwili ina uzito wa daltoni 150,000 hivi, azaidi ina 65. Tumia kichujio cha sentrifuji cha kilodaltoni 30: jaza maikrolita 500, zungusha hadi zibaki 50, jaza tena RPMI (chakula cha kukuzia vimelea), rudia. Kila mzunguko unapunguza azaidi mara kumi, kwa hiyo minne imeipunguza mara elfu kumi. Usiache kichujio kikauke, protini itang'ang'ania utando na hutaiona tena. Halafu pima upya ukolezi, usitumie namba ya lebo. Na hapa wengi wanateleza: RPMI yenyewe inafyonza mwanga wa nanomita 280, kwa hiyo blanki (sampuli ya sifuri) isiwe maji wala PBS, iwe yale majimaji yaliyopita chini ya kichujio katika mzunguko wa mwisho. Gawanya usomaji kwa 1.4 upate miligramu kwa mililita, kisha pitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.22.

Mshukiwa wa pili ni PBS, yale maji ya chumvi ya maabara, na huyu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kuhusu ile 71. Kingamwili yako mwenyewe, kwa jinsi ulivyoeleza, uliitoa kwenye Protini A inayonasa kingamwili, ukaisawazisha asidi yake kwa Tris, ukaidialisi (ukaibadilishia majimaji) kwenye PBS ukaishia hapo. Kisima chako ni maikrolita 40: 20 za vimelea, 20 za kingamwili. Kwenye visima vya kingamwili moja ulijazia 10 za chakula kamili. Kwenye kisima cha mchanganyiko hukujazia kitu, nafasi ilikuwa imejaa. Maana yake robo ya kisima kimoja ni bafa, yaani PBS hiyo, na nusu nzima ya kingine ni bafa. PBS haina glukosi, haina haipozanthini, haina isolusini, virutubisho anavyovihitaji kimelea, na himoglobini ya mtu mzima haina isolusini hata kidogo, kwa hiyo kimelea hawezi kuipata kwa kula ndani ya seli. Anaitegemea ya nje. Ukimpunguzia chakula kidogo anavumilia, ukizidisha anaanguka ghafla, na anguko hilo kwenye mchoro linafanana kabisa na kingamwili mbili zinazopendana.

Sikatai kwamba kusaidiana kupo. Mwaka 2019 kundi la Oxford lilionyesha kuwa R5.011, kingamwili nyingine ya RH5, peke yake haizuii kitu, bali inachelewesha merozoiti (kimelea anayetoka seli moja kwenda nyingine) kuingia, na zile zinazozuia zinapata muda wa kushika. Inaeleweka: merozoiti akishatoka anaingia seli nyingine ndani ya dakika chache tu, kingamwili haina nafasi ya kubembeleza. Kwa hiyo wazo lako si la ovyo. Ila ushahidi uliopo leo ni wa chupa, si wa kingamwili.

Slaidi ya darubini ndiyo itakayoamua, na najua mwenzako Kombo atacheka kuwa slaidi ni za wazee. Acha acheke. Mashine yako inapima kimeng'enya cha kimelea, laktati dehidrojenasi, kwa nanomita 650. Inakuambia vimelea ni wachache, haikuambii walikufa lini wala vipi. Chukua matone mawili ya kila kisima cha ziada, moja saa ya 16 hivi tangu uanze, jingine saa ya 40, paka rangi ya Giemsa asilimia 10. Kingamwili ya RH5 ikifanya kazi yake, saa ya 16 utaona skizonti (vimelea waliokomaa) zimeshapasuka, rangi nyeusi ya kimelea imebaki vibonge, merozoiti wametawanyika nje, pete (vimelea waliotoka kuingia seli) ni chache. Na zile pete zilizofanikiwa kuingia zitakuwa na afya, zikikua kama ndugu zao wa kisima kisicho na kitu. Ikiwa ni sumu au njaa utaona kinyume: vimelea wako ndani ya seli, lakini wamejikunja, nukta nyeusi moja iliyokolea, saitoplazimu imesinyaa, skizonti zimekwama bila kupasuka. Ukizoea, ni slaidi ya dakika tano.

Kontroli mpya? Chukua kingamwili ya aina ileile, IgG1 ya binadamu, iliyotengenezwa kwenye seli zilezile na kusafishwa siku ileile na hizo zako. CIS43, kingamwili ya malaria ya hatua nyingine, itafaa sana kama mnayo. Ndiyo, ileile ambayo toleo lake la CIS43LS kule Mali, matokeo ya 2022, lilikinga watu wazima kwa asilimia 88.2 kwa dozi ya miligramu 40 kwa kilo. Kwenye sahani ya damu haifanyi chochote, kwa sababu shabaha yake iko kwenye sporozoiti, kimelea anayeletwa na mbu, na sporozoiti hayumo humo. Raha yake ndiyo hiyo: kingamwili bora ya malaria, isiyotakiwa kuzuia hata asilimia 5. Ikizuia, tatizo ni sahani. Ongeza pia kisima cha bafa tupu kwa ujazo uleule wa mchanganyiko, EDTA milimola 5 kama kizuizi kamili, na seli nyekundu zisizo na vimelea za kutoa kwenye hesabu. Mwenzako Salma ana tabia ya kuziruka hizo za mwisho. Mwambie kimeng'enya cha binadamu nacho kinasoma, ingawa polepole.

Muda nao uutazame. Ukianza na trofozoiti (hatua kati ya pete na skizonti) wakubwa na skizonti changa, saa 40 baadaye watoto wao wawe trofozoiti, ndipo kimeng'enya kinapokuwa kingi. Ukisimamisha wakiwa pete usomaji unakuwa mdogo na visima vitatu vya aina moja vinatofautiana hadi aibu. Na kama vimelea hawakuwa wa rika moja, nusu yao walishaingia kabla hujatia kingamwili. Hao hawahesabiki popote, wanakushushia matokeo tu.

Kuhusu lile la kuchanganya kingamwili na dawa, tulizungumze siku nyingine, ila usianze na azithromaisini kama Kombo anavyotaka. Hiyo inaharibu apikoplasti, kiungo kidogo ndani ya kimelea, na kimelea anayeipokea anamaliza mzunguko wake vizuri tu. Wanaokufa ni wa mzunguko wa pili. Kipimo cha saa 40 kitasema dawa haifanyi kazi, nanyi mtaandika hivyo. Dawa ya atovakwoni ingekuwa... hapana, nayo ni mambo ya mitokondria, na azaidi ikiwemo tutarudi palepale. Safisha kwanza.

Na zile IgG (kingamwili) za wachangiaji damu ulizotaja mwishoni, zipitishe Protini G kabla ya kuzigusa, maana plazima inaweza kuja na dawa ya malaria aliyomeza mtu. Kisha zichanganye na seli nyekundu za kundi O zisizo na vimelea, saa moja, uzungushe utoe. Ukiona chini ya kisima kuna vibonge badala ya utandu laini, hujafyonza vya kutosha kingamwili zinazozishikamanisha seli.

Sasa nijibu. Lebo ya kontroli inasemaje, azaidi ngapi? Na ya kingamwili ya pili? Seli nyekundu zilikuwa na umri gani tangu damu itolewe? Uliwaweka vimelea rika moja kwa sorbitoli peke yake au ulipitisha Percoll pia? Visima vya mchanganyiko vilikuwa pembezoni mwa sahani, ambako maji yanakauka haraka? Slaidi zozote za siku ile zipo, hata chafu? Umebaki na kingamwili kiasi gani, inatosha sahani mbili? Msimamizi wako anajua kuwa Ijumaa inaweza kusogea, au nimwandikie mimi? Na Salma mkono umepona?

Picha ya lebo nitumie leo, mengine yanaweza kungoja.

Ndugu yako,
Hamisi