Friji ya karavani haitaki kujazwa gesi, yataka hewa

Mhariri,

Siku hizi karavani zimekuwa nyingi huku kwetu, nyingine zishageuzwa vibanda vya chipsi na juisi, nyingine watu wavuta na pikapu wikendi mpaka Kilifi na Watamu, na kilio ni kile kile, friji haishiki baridi, ikifika saa nane mchana maziwa yashakatika. Mie nnayo moja ya zamani, nilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, naiegesha Nyali Jumamosi na Jumapili nauza ukwaju na juisi ya embe. Yaliyonipata nataka wenzangu wayasikie kabla hawajatoa pesa bure.

Ilikuwa mwezi wa pili, joto digrii 33 na hata jani halitikisiki, nikatia kipimajoto ndani ya friji kikasoma 14. Nikaita fundi. Akaigusagusa akasema, "Mama, hii gesi imeisha, tujaze." Nikampa 3,500, akajificha nyuma ya karavani nusu saa, akatoka anajipangusa mikono, ati nisubiri tu baridi itaingia. Nikasubiri. Jumapili nikamwaga lita kumi za juisi ya embe iliyochacha, kunguru wakashiba siku hiyo.

Baadaye ndio nikajua nimeliwa. Friji ya nyumbani ina kompresa, waisikia ikinguruma, lakini hii ya karavani haina, yafanya kazi kwa moto, yaani nyuma kuna kijibirika kinachemshwa kwa gesi ya mtungi au kwa stima, ndani mna maji, amonia na haidrojeni, amonia ikichemka yapanda juu kama mvuke, yapoa kwenye mapezi ya nyuma na kuwa majimaji, kisha yashuka na kuvuta joto la ndani ya friji. Hiyo ni kazi ya Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, tangu 1922. Na mabomba yake yamechomelewa kiwandani, hakuna mahali pa fundi wa mtaani kujazia kitu, sasa yule wangu alijaza wapi? Kama amonia ingevuja ningejua mwenyewe, harufu yake yachoma pua mpaka machozi, na mabomba ya nyuma yaingia madoa ya manjano.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu wa Changamwe, fundi wa malori. Alizunguka nyuma akaniuliza, "Shemeji, hivi vifuniko vya nini?" Kumbe yale matundu mawili ya hewa, la chini na la juu, yalikuwa yamezibwa na vifuniko vya plastiki ambavyo huko Ulaya huvipachika wakati wa baridi kali. Baridi kali! Mie nimeviacha Mombasa mwezi wa pili. Joto la nyuma halina pa kutokea, friji itapoa vipi? Tukavitoa, tukafunga gesi, tukafungua kijichimni chake na humo mna kiota cha nyigu, udongo mgumu kama simiti. Tulipokisafisha moto ukarudi kuwa buluu, mwanzo ulikuwa wa manjano. Halafu akang'oa kifeni kwenye kompyuta mbovu, cha volti 12, akakifunga kwenye tundu la juu kisukume hewa nje. Wikendi iliyofuata, saa tisa mchana jua likiwaka, kipimajoto kilisoma 5.

Jambo jengine, tazama kile kibandiko ndani ya friji. Yangu imeandikwa SN, maana yake imetengenezewa mahali joto halizidi 32. ST yafika 38, T yafika 43. Anayenunua leo aulize hilo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Na karavani isimame sawa, weka hata bakuli la maji uangalie, ikilala upande muda mrefu yale maji ya ndani hayazunguki, na ikiwashwa hivyo kila siku mabomba yaziba na haitengenezeki tena. Mie naiwasha usiku wa kuamkia Jumamosi, juisi naigandisha nyumbani kwanza, na ule upande wa friji nauelekeza kwenye mkunazi usipigwe na jua la alasiri. Nikivuka feri Likoni naizima na mtungi naufunga. Betri usiitegemee ukishazima gari, friji hizi zavuta amp kumi na zaidi, asubuhi utaomba watu wakusukume.

Kilichobaki ni raba ya mlango. Nikibana noti ya mia na mlango, nikiivuta yatoka bila kushikwa, kwa hivyo hewa yaingia hapo. Nimezunguka Mwembe Tayari na Kongowea nimepata za friji za nyumbani tu. Msomaji anayejua zinapouzwa za karavani hapa Mombasa atuandikie hapa hapa gazetini.

Mama Ukwaju,
Kisauni, Mombasa